Saa Tisa za Kusubiri Maskati

Jumatatu, 7 Julai 2025. Awindiri, Arua.

Hatimaye, kazi inayolingana na kichwa changu! Mama Mkubwa Medina, dada wa marehemu mama yangu, amepiga simu kutoka Koboko. Anakwenda Salalah, kule kusini kabisa mwa Omani, kwa binti yake Jalia ambaye ni nesi huko. Jalia ni mjamzito. Daktari amesema tarehe ishirini. Viza iko, nauli imetumwa. Anatakiwa mtu wa kupanga ndege tu. Nani kama mimi? Miaka kumi na minne nilikata tiketi kwenye paki ya mabasi hapa Arua. Ndege ni basi lisilo na mashimo.

Mama Mkubwa akashusha sauti. Akasema mimba ya kwanza ya Jalia iliharibika mwaka juzi, naye alikuwa peke yake hospitalini, hana mtu wa kumshika. Safari hii anataka mkono wa mama yake. Nikamwambia asiwe na wasiwasi hata kidogo. Akajibu kwamba hakuwa na wasiwasi mpaka nilipopokea simu. Kumbe Jalia alitaka kazi hii apewe Swaib! Lakini Mama Mkubwa hawezi kumruka mtoto wa dada yake akaenda kwa mtu wa nje. Koboko nzima ingesema.

Asante, Koboko.

Jumanne, 8 Julai.

Nimelazimika kwenda kwa Swaib hata hivyo, kwa sababu yeye ndiye mwenye kompyuta. Swaib ana kibanda cha kutoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti. Aliwahi kumkatia padri mmoja tiketi ya kwenda Roma na kurudi, na tangu siku hiyo anatembea amevaa koti.

Akatafuta. Akapata safari ya tiketi moja: Entebbe, Addis, Maskati, Salalah. Kusubiri Maskati saa mbili tu, mizigo inahamishwa yenyewe, saa tano asubuhi Alhamisi tarehe kumi na saba mama yuko kwa binti. Nikamuuliza mtu ataona nini Maskati kwa saa mbili. Akasema mama anakwenda kuona mjukuu. Majibu yake yote ni ya namna hiyo. Mtu hawezi kuzungumza naye.

Mimi nikaona kitu ambacho yeye hakukiona. Chini kabisa ya ukurasa kulikuwa na ndege nyingine ya Maskati kwenda Salalah, saa kumi alasiri. Ukikata tiketi mbili mbalimbali, unafika Maskati saa moja asubuhi na unapata saa tisa nzima. Saa tisa! Na Maskati kuna mabinti wangapi wa Koboko wanaofanya kazi? Nimekaa na wazo hilo jioni yote. Ayikoru, mke wangu, aliuliza kwa nini natabasamu mbele ya sufuria tupu.

Jumatano, 9 Julai. Koboko.

Nimetangaza. Kufikia adhuhuri wamekuja wazazi wa mabinti kumi na wawili. Wote wana mtu Maskati, wote wana kifurushi. Odi, ile siagi ya karanga na simsim. Samaki mkavu. Kumbikumbi wa kukaanga. Mmoja alileta unga wa muhogo kilo nne, nikampunguzia. Kila binti atakuja uwanja wa ndege, atapokea kifurushi chake, ataondoka. Nimepewa jogoo wawili na sifa ambazo sijawahi kuzisikia tangu nizaliwe.

Lakini shabaha yangu ni Mzee Dumo. Ana jengo linalotazama soko, na chumba cha barazani kiko wazi tangu fundi cherehani alipohama. Binti yake Phiona yuko Maskati mwaka wa tatu. Mzee akasema hivi: "Kama mutoto yangu napata hii kitu mukononi, hapana kwa mutu mwingine, mukononi yake, basi ile chumba iko ya ofisi yako." Nilimwamkia mara mbili wakati wa kuondoka. Tayari naliona bango: HAMUZA SAFARI ZA NG'AMBO. Herufi nyekundu.

Mama Mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu wakati wote. Aliuliza hii safari iko ya mtoto ama iko ya samaki. Nikacheka. Yeye hakucheka, lakini vifurushi vilikuwa vimeshawekwa mbele yake na majina ya watoto wa watu yameshatajwa. Kifurushi cha mtu ni amana, na Mama Mkubwa hajawahi kuirudisha amana mlangoni. Nilijua hivyo.

Jumamosi, 12 Julai.

Tiketi zimekatwa. Mbili, mbalimbali. Swaib alizichapa, kisha akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia wenye hakika ndio wanaopanga, wengine wanachapa. Nilitoka nikiwa mrefu zaidi.

Tumepima mzigo kwenye mzani wa mihogo sokoni. Ruhusa ni kilo ishirini na tatu. Vifurushi peke yake ni kumi na tisa. Mama Mkubwa amebakiwa na kilo nne za nguo zake, khanga za mtoto na mafuta ya simsim ya kumkandia. Nilipendekeza mafuta yabaki, Omani wana mafuta mengi. Ayikoru aliniangalia mpaka nikayarudisha. Nikatoa viatu vya Mama Mkubwa, atasafiri na ndara.

Jumatatu, 14 Julai.

Mama Mkubwa amelala kwetu ili apande basi la kesho asubuhi. Baada ya chai nimemsomea mpango wangu. Kurasa tatu! Kila binti dakika ishirini. Mabinti kumi na wawili, jumla saa nne. Zinabaki saa tano za kuswali, kunywa chai na kutazama bahari. Na muda ukibana, nimemwelekeza: binti mmoja asimame kwenye ngazi ya ndege amwambie dereva kuna mtu anakuja. Basi la Arua halijawahi kumwacha mtu wa Arua pale Karuma aliposhuka kununua nyama.

Ayikoru aliuliza kama nimewahi kupanda ndege. Nikamuuliza kama daktari ni lazima kwanza augue. Akaenda kufunga kuku.

Mama Mkubwa hakutazama kurasa zangu. Alisema usiku mzima anamwota Jalia. Akaniomba nimwahidi kwamba atafika kabla. Nikaahidi. Ni kitu rahisi sana kuahidi, tarehe ishirini iko mbali.

Jumatano, 16 Julai.

Amepiga simu kutoka Entebbe, anaingia. Kila kitu sawasawa! Nikapita kwa Swaib makusudi, nikiwa napiga mluzi. Akauliza kama mama anajua kwamba kwa tiketi mbili lazima atoke nje na mzigo wake Maskati, upite kwa wakaguzi, kisha aanze kujiandikisha upya. Nikasema bila shaka anajua.

Hajui. Mimi mwenyewe nimejua leo. Nilipiga simu mara kumi na nne, imezimwa. Nimerudi nyumbani nikakata kuni ambazo hazikuhitaji kukatwa.

Alhamisi, 17 Julai.

Saa moja asubuhi. Nimekaa na simu mapajani. Ayikoru amekaa upande wa pili, ananitazama kama anavyotazama maziwa motoni.

Saa mbili. Sauti ya Mama Mkubwa kutoka kwa simu ya binti mmoja. Mzigo umefunguliwa. Wakaguzi wanafanya kazi yao, ni watu wa adabu, lakini kumbikumbi wamewashinda. Wamemwita mama mmoja wa hapohapo anayesema Kiswahili cha pwani, akauliza kwa upole kama hawa ni wadudu. Mama Mkubwa akamjibu hawa hapana wadudu, hawa iko mboga. Sasa wanakitazama kila kifurushi. Vyote kumi na viwili!

Saa nne. Ameachiliwa. Nashukuru. Mabinti wamejaa nje.

Saa sita. Kuna tatizo kwenye hesabu yangu. Nilisahau salamu. Hakuna binti wa Koboko anayepokea kifurushi kama anapokea chenji. Lazima aulize hali ya mama, ya baba, ya bibi, ya jirani, ya mbuzi. Mmoja ameambiwa bibi yake alifariki mwezi wa tano, wote wamekaa chini sakafuni kulia naye. Dakika ishirini!

Saa saba na nusu. Kumi na mmoja wamemaliza. Amebaki Phiona wa Mzee Dumo, tajiri wake hajamruhusu kutoka. Mama Mkubwa ameniuliza kwa sauti ya kuchoka: aingie sasa? Mzigo wa Phiona amwachie binti mwingine?

Hapa lazima niandike ukweli, daftari ni langu. Niliona kile chumba cha barazani. Niliona bango. Nikasema asubiri, amana ni amana, bado kuna saa mbili na nusu. Akasema, haya baba.

Saa nane na nusu. Phiona amefika! Amepokea mkononi! Niliruka, nikamwaga chai.

Saa nane na dakika hamsini. Mama Mkubwa amekataliwa kwenye dirisha. Nikapiga kelele kwamba ndege ni saa kumi. Binti mmoja akachukua simu akaniambia polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, kwamba kwao sasa ni karibu saa kumi. Saa yao iko mbele ya yetu. Nani aliipeleka mbele? Kwa nini tiketi haisemi kwa herufi kubwa? Nikauliza kama kuna binti aliyesimama kwenye ngazi. Simu ikakatika.

Saa kumi na moja. Ndege nyingine zimejaa mpaka Jumapili. Huu ndio msimu wa manyunyu Salalah, nusu ya Uarabuni inakwenda huko kunyeshewa. Sisi tunanyeshewa bure Arua na hakuna anayekuja! Mabinti wamempeleka Mama Mkubwa kwenye basi la usiku. Ni safari ya saa kumi na mbili au zaidi, jangwani.

Magharibi. Jalia ameniandikia maneno matatu. Uchungu umeanza. Mama?

Nilimwandikia kwamba yuko njiani. Ni kweli, lakini nilijisikia mwongo.

Ijumaa, 18 Julai.

Mtoto wa kike. Amezaliwa alfajiri. Wote wawili wazima, Alhamdulillahi. Nesi mwenzake Jalia ndiye aliyemshika mkono. Mama Mkubwa wakati huo alikuwa jangwani, mahali pasipo na mtandao, na ndara miguuni. Amefika saa tatu baadaye.

Adhuhuri akanitumia sauti. Nilidhani atanigombeza, nikajiandaa. Hakugomba. Alisema: "Hamuza, mimi hapana kuja hapa kwa kupeleka samaki. Mtoto yangu iliita mimi usiku yote, na mimi iko kwa basi." Nyuma yake kichanga kilikuwa kinalia. Halafu akasema anakwenda kumkanda mtoto, akafunga.

Nimeisikiliza mara nne. Niliona haya, haya ya kweli. Ayikoru aliweka ugali mbele yangu, akaenda kufunga kuku. Nimeapa. Sitapanga tena safari ya mtu. Swaib awachukue wote, na koti lake.

Jumapili, 20 Julai. Koboko.

Mzee Dumo amenipa ufunguo! Phiona alimpigia akilia kwa furaha, amekula odi kwa kijiko mpaka ikaisha. Mzee anasema hajawahi kutokea mtu kama mimi. Nilimweleza kwa unyenyekevu kwamba kulikuwa na ucheleweshaji mdogo. Akasema safari ni safari.

Na nimelitafakari suala lile kwa utulivu. Kosa halikuwa la mpango. Kosa lilikuwa la mtoto kuja siku mbili kabla ya tarehe ya daktari. Mpanga safari atafanya nini na mtoto asiyefuata ratiba? Jalia ameandika kwamba safari ya kurudi ya mama yake itapangwa na Swaib. Nimemsamehe, ametoka kujifungua.

Bango limepanda saa tisa. Saa tisa na robo mteja wa kwanza! Mzee Candia, mkulima wa Aroi, ameshika kofia mikononi. Mwanawe wa pekee anahitimu udaktari kusini mwa India, Jumamosi tarehe mbili Agosti, saa nne asubuhi. Aliuza ng'ombe wake wote kumsomesha. Anasema hana haja ya kutembea wala kuona mji, anataka kuwa amekaa pale jina la mtoto likiitwa, basi.

Nimemtuliza. Nimempatia safari nzuri sana, tiketi tatu, inapumzika Dubai saa kumi na sita. Anatua India Jumamosi yenyewe saa mbili asubuhi. Ataoga, atakunywa chai, na sherehe ndiyo kwanza itakuwa inaanza. Familia zenye watoto Dubai nimezialika zije kesho na vifurushi vyao.