Chonge la Kushoto

Jumatatu, 2 Juni

Binti yangu ameleta habari: harusi ni tarehe kumi na mbili mwezi ujao. Nikafurahi, mpaka alipotoa sharti. Hataki zawadi yoyote kutoka kwangu. Anataka picha moja tu ambayo baba yake amecheka. Kicheko cha meno, alisema, si kile changu cha kubana midomo kama mtu aliyemeza kidonge bila maji. Nikamwambia nitajitahidi. Nikaenda bafuni, nikafunga mlango, nikachekea kioo. Nikajuta.

Tatizo ni chonge la kushoto. Limepanda juu ya jirani zake na kujitokeza mbele, kama mtu anayeruka foleni. Nalificha tangu shule. Nikicheka, mkono mdomoni. Katika picha za harusi yangu mwenyewe nimenuna kiasi kwamba shangazi wa mke wangu aliuliza kama nimelazimishwa.

Na mkwe mwenzangu, baba wa bwana harusi, muuza mbao, ana meno meupe yaliyonyooka kuliko mbao anazouza. Anayaonyesha hata akiuliza choo kiko wapi. Sikubali kusimama kando yake nimefunga mdomo. Nitanyoosha meno. Kimya kimya, na kwa bei ya mtu mwenye harusi mbele yake.

Jumatano, 4 Juni

Kwa daktari wa meno. Ofisini nimeaga kwamba naenda kupima macho. Chumba cha kusubiri kilijaa watoto wa shule na mama zao. Mama mmoja akaniuliza kama wangu ameshaingia. Nikasema ndiyo, yuko ndani. Dakika hiyohiyo nikaitwa mimi. Nilipita mbele yake nikitazama sakafu.

Daktari ni msichana wa rika la binti yangu. Akanieleza aina. Vyuma vya kawaida: nafuu kuliko vyote, vinaonekana toka ng'ambo ya barabara. Vya rangi ya jino: havionekani sana, lakini bei inaonekana. Vya kufungwa nyuma ya meno: havionekani kabisa, na hapo nilimwomba asiendelee na bei. Mwisho, viganda vya plastiki ang'avu vya kuvika meno, unavyobadilisha kimoja baada ya kingine. Vyovyote nitakavyochagua, alisema, ni mwaka na nusu.

Nikamweleza kwamba nina wiki tano na jino moja. Akasema meno hayajui tarehe za harusi. Kwa mfuko wangu alinishauri vyuma vya kawaida, nilipe kidogo kidogo, na akaongeza kwa upole kwamba siku hizi watu wazima wengi wanavaa. Nikamshukuru. Mimi si watu wazima wengi.

Jumapili, 15 Juni

Nimepata njia! Kuna jamaa anauza viganda kwa simu, bila daktari, bila maswali. Tabasamu jipya ndani ya mwezi, kwa nusu ya nusu ya bei. Anakutumia donge la kung'ata, unang'ata, unamrudishia alama za meno yako, anakutengenezea.

Langu limefika leo. Nikajifungia bafuni nikang'ata. Maelezo yalisema dakika tatu. Nikaacha kumi ili alama ziwe nzuri. Donge likagoma kutoka. Mke wangu akagonga, akauliza kuna nini humo. Nikajibu mmm. Akauliza kama ni tumbo. Mmm. Akanipitishia dawa ya kuzuia kuhara chini ya mlango. Donge lilipotoka, lilitoka na kipande cha jino la nyuma nililokuwa nimeziba. Hadi jioni ndugu watano wamenipigia kunipa pole ya kuhara. Nimewashukuru wote. Ningesema nini?

Jumanne, 24 Juni

Kiganda cha kwanza kimefika. Kinabana kama kiatu cha mtoto. Lakini hakionekani! Nikaenda nacho kazini kifua mbele.

Sikuwa nimefikiria kuhusu kuongea. Kazi yangu ofisi ya maji ni kuita wateja kwa namba, maana mashine ya kuita ilikufa zamani. Thelathini ikapita salama. Thelathini na tano pia. Kisha ikaja thelathini na sita, dirisha la saba. Ukumbi mzima ukageuka. Kithembe cha ajabu, na mate juu yake. Mzee mwenye namba hiyo akasogea akaniambia taratibu kwamba hata mjukuu wake alikuwa hivyo, akapona. Mkuu wangu akaniita pembeni kuuliza kama nimekunywa. Nikaapa sijanywa. Kuapa nako kukatoka na kithembe.

Jumamosi, 28 Juni

Wakwe wamekuja kupanga mambo ya harusi. Mkwe mwenzangu ameingia meno mbele. Wakati wa kula nikatoa kiganda kwa ujanja, nikakifunga kwenye karatasi laini, nikakiweka kando ya sahani. Baadaye binti yangu akaondoa vyombo. Nikakumbuka. Nikamkimbilia jikoni.

Alikuwa ameshafungua karatasi. Akauliza ni nini. Nikasema kifuniko. Cha nini? Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaona umbo la chonge, na ulimi wake ukaenda kwenye lake. Maana analo. Lilelile, upande uleule. Mimi ndiye niliyempa.

Hakugomba. Aliuliza tu kwamba, kama ni hivyo, miaka yote hii yeye akicheka mbele yangu, nilikuwa naona nini.

Mimi ninayelipwa kwa kuongea kutwa nzima nilimwambia chai inapoa.

Akakisuuza kiganda bombani, akakifuta, akanikabidhi mkononi. Akasema mchumba wake alimfahamu kwa jino hilo, aliliona kabla hajajua jina lake. Kuhusu picha, akasema, nifanye nitakavyo.

Jumapili, 29 Juni

Nimeona haya hata kunyoa. Nimetupa kiganda. Nimekiokota. Nimekitupa tena.

Jumamosi, 12 Julai

Harusi imepita. Niliamka na mpango: nisimame ubavu, nionyeshe kamera upande wa kulia tu. Nilikuwa nimefanya mazoezi wiki nzima.

Mpiga picha akatupanga. Binti yangu katikati, mimi kushoto kwake, mkwe mwenzangu kushoto kwangu. Nikabebeshwa maua mkono mmoja, mkoba wa bibi harusi mkono wa pili. Binti yangu hakunitazama. Nikawa najipinda taratibu upande, ndipo mkwe mwenzangu akaguna, akatia vidole mdomoni, akatoa meno yote ya juu. Yote! Akayafunga kwenye leso. Akaniambia yanamchubua tangu asubuhi, na hata hivyo huwa anayavaa kwa ajili ya wateja tu. Akanitabasamia kwa ufizi mtupu, bila wasiwasi wowote.

Nilicheka. Nilicheka mpaka machozi, na mikono yote miwili imejaa, sina cha kujizibia. Picha ikapigwa.

Binti yangu akaenda kuitazama kwenye kamera. Alisimama pale muda mrefu. Akarudi akanikumbatia na gauni lake lote, akasema zawadi yake ameipata. Anataka nakala mbili kubwa, moja ya kwake, moja ya sebuleni kwetu. Nimelia kidogo nyuma ya gari. Nimeelewa kila kitu. Sitalificha tena jino hili maishani mwangu.

Ijumaa, 25 Julai

Juzi nilijitolea kwenda mwenyewe kwa mpiga picha kuagiza nakala. Nikamkuta kwenye kompyuta anamfuta mtu chunusi. Kazi ya kufumba na kufumbua, na bei yake haifiki hata ya lile donge. Nikamnong'oneza: kwenye nakala yetu tu, chonge la kushoto. Mtu haoni, mtu hajui.

Leo nimeichukua. Meno yangu yamenyooka. Ya binti yangu pia. Mpiga picha amesema hilo la pili amenifanyia bure, alidhani ni tatizo la ukoo.

Jumapili binti yangu anakuja na mumewe kuona picha ukutani. Mke wangu nimemwambia kioo cha fremu kimepasuka, na picha iko kabatini nyuma ya koti. Najua la kufanya ni kurudi nikaombe nakala halisi. Aibu gani hii! Nimefungua kabati mara kadhaa kuitazama. Lakini jamani, nimependeza.

Nimeshapata mahali. Juu kabisa, karibu na dari, pale mwanga wa dirisha unapopiga kioo. Mtu akikaa kwenye kochi haoni meno ya yeyote. Mimi nikitaka kuona, nitapanda kiti.