Ombi la Kusimamisha Neno "Karibu" Mlangoni Petu

Triza Wakoli,
Chumba cha Pili Kutoka Mferejini,
Mukuru kwa Reuben.

Kwa Mama Triza,
Msimamizi wa Sufuria Zote,
Chumba hicho hicho.

Mama mpendwa,

KUH: KUSIMAMISHWA KWA NENO "KARIBU" SAA ZA KULA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na sina shaka, kwa kuwa uko hapo nje unakatakata sukuma wiki na mgongo wako nauona. Ningeweza kutoka nikuambie kwa mdomo, lakini unanijua: nikisimama mbele ya mtu, maneno hunirudi tumboni. Mwalimu wetu wa Kiswahili husema kwamba mimi ni bubu wa darasani na simba wa karatasini. Kwa hivyo naomba unisome.

Jumapili tulipotoka kanisani, Baba alidhani nimebaki nyuma. Alikuambia kwamba kiwandani sasa wanaita vibarua siku tatu tu kwa wiki, na kwamba shule zikifungwa nipelekwe Kimilili kwa Kukhu, nyanya yangu, nikasomee huko, ili sahani ipungue moja. Hukusema ndiyo. Lakini hata hapana hukusema. Ulisema, "Tutaona." Mama, katika nyumba hii kila kitu kilichowahi kuambiwa "tutaona" kilienda. Televisheni iliambiwa tutaona.

Sipingi kubana matumizi. Napinga kwamba mimi ndiye matumizi. Nimechunguza jambo hili kwa makini na nimempata mla unga halisi. Si mtu, ni neno. Malalamiko yangu ni haya:

1. Chumba chetu kiko kwenye njia ya kwenda mferejini. Ploti nzima huteka maji jioni, na jioni ndipo tunakula. Kila apitaye na mtungi unamwambia, "Karibu ugali." Najua ni heshima, nimelelewa nayo. Najua pia jibu linalokubalika ploti nzima: mtu husema ametoka kula sasa hivi, hata kama jiko lake halijawashwa tangu asubuhi, kisha huenda zake. Wewe umekaribisha, yeye ameshiba, hakuna kijiko kilichosogea. Utaratibu huu ulitufaa sana mpaka Kiema alipohamia.

2. Kiema ni yule kijana mchonga vinyago aliyetoka upande wa Machakos. Jioni yake ya kwanza ulimwambia karibu. Akasema, "Asante sana, Mama," akaweka mtungi chini, akaketi. Tukatazamana. Baba akasogea kumpa nafasi. Nani angemweleza kwamba karibu ile ilikuwa ya kupita nayo tu? Tangu siku hiyo huchota maji kila jioni, na hakuna binadamu anayeoga kiasi hicho. La kuudhi zaidi, huisifu sukuma yako, nawe humwongezea mchuzi ambao ulikuwa wangu.

3. Neno lenyewe lina maana mbili na zote zinatuumiza. Alhamisi ya wiki iliyopita uliangalia ndani ya debe ukataka kuniambia kwamba unga karibu kuisha. Ulifika kwenye "Triza, unga karibu," moshi wa jiko ukakukata hapo hapo ukaanza kukohoa. Mzee Musau alikuwa anapita, na masikio yake siku hizi hushika neno la mwisho tu. Akaingia, akavua kofia, akakiombea chakula baraka, na maombi yake yalikuwa marefu kuliko chakula. Yaani tulitangaza kwamba unga unaisha, na papo hapo tukaumaliza. Mwalimu anasema utata wa maneno ni utajiri wa lugha. Ningemwalika aje ajionee huo utajiri, ila kualika ndiko ninakokupinga.

4. Kesho yake nilijaribu kututafutia suluhisho bila kukusumbua. Nilifunga mlango kabla hujapakua. Nilisahau kwamba kwenye ploti yetu mlango haufungwi saa ya kula isipokuwa kwa sababu moja, nayo ni nyama. Habari ilienea kabla ugali haujaiva. Kiema alibisha akiomba kiberiti. Mzee Musau alibisha akiuliza kama Kiema amepata kiberiti. Hata Fowsiya wa dukani, ambaye hakuwa amewahi kukanyaga kwetu, alikuja kuuliza kama ile chumvi aliyotuuzia ilikuwa sawa. Wakaona sukuma. Wakatuhurumia. Nawe, kwa aibu, ukalisema lile neno tena, safari hii kwa wingi: karibuni.

Kutokana na hayo, naomba kwa unyenyekevu uanze kuwaambia wapitao "Habari ya maji?" Hilo ni swali zuri, lina adabu, na halina kiti ndani yake. Ikiwa ulimi utakataa kuliacha neno la zamani, basi lisemwe baada ya sufuria kuoshwa, huku umeiinua waione.

Na ikiwa ni lazima mtu apelekwe kwa Kukhu, naomba apelekwe Kiema. Usicheke, Mama, nimelifikiria. Anakula kuliko mimi, kwa hivyo akiba itakuwa kubwa zaidi. Anajua mbao, na Kukhu kila akipiga simu hulilia mtu wa kumpasulia kuni. Tena Kiema hana haya. Atakuwa na marafiki kabla basi halijafika Nakuru. Mimi ilinichukua kidato chote cha kwanza kumwambia Nthoki jina langu, na ndiye rafiki niliye naye. Nikimwacha, sijui kama nina nguvu za kuanza tena na mwingine. Hilo ndilo nililoshindwa kukuambia Jumapili, na jana, na asubuhi ya leo uliponiuliza kwa nini nimenyamaza.

Nitashukuru ukiliangalia ombi hili kabla shule hazijafungwa. Umsalimie Baba, umsalimie Mzee Musau kwa sauti, na Fowsiya umwambie chumvi ilikuwa sawa. Kiema usimpelekee salamu. Atakuja kuzichukua mwenyewe.

Ni mimi mwanao mtiifu, nisiyekula sana,
Triza.

N.B. Wiki hii umeniona nikiirudisha sahani nikisema nimeshiba, na najua unadhani ni huzuni. Nilikuwa nimeshiba. Jumatatu nilikuwa napita na ndoo mlangoni kwa Kaluki, yule mshonaji wa chumba cha mwisho, akaniambia karibu. Nilikusudia kusema nimetoka kula. Aibu ikanishika, maneno yakakataa kutoka, nikaingia. Tangu hapo nimeenda kila siku. Hupika omena kwa nyanya nyingi, na huko mimi huongea, Mama, mpaka jana aliniomba nipumue kidogo ameze. Kwa hivyo mwambie Baba kwamba sahani imeshapungua moja, tena bila nauli ya Kimilili. Ukilikubali ombi langu, tafadhali lisivuke mlango wetu, na lianze Jumamosi. Ijumaa hii kuna chapati, na Kaluki amesema nikuambie na wewe karibu.