Kanuni ya Uso Usiong'aa

Kwa furaha isiyo kifani, wananchi wote wa Unguja wanajulishwa kwamba, kuanzia mwaka huu, uso wa mtumishi wa Idara ya Mapokezi na Haiba ya Mji Mkongwe ni mali ya Idara, na mali ya Idara haing'ai. Kuhusu nywele zinazopungua, mchakato unaendelea vizuri. Nayasema haya kwa mamlaka, kwa sababu mimi, Bi Nunu, ni Mkaguzi wa Nywele, Upande wa Kike.

Jambo lilianza pale Bwana Salem, Mkurugenzi wetu, aliporudi kutoka India kwenye ziara ya mafunzo. Huko alifundishwa Ayurveda, tiba ya karne nyingi, naye akaimaliza yote kabla ya chakula cha mchana. Akatueleza kuwa kila mtu ana upepo, nyongo na balghamu, yaani kohozi. Balghamu ikizidi, uso hutoa mafuta. Nyongo ikizidi, mwili huchemka na nywele hutoka. Dawa ya uso ni kupakwa liwa, yaani msandali uliosagwa ukachanganywa na unga wa dengu. Dawa ya kichwa ni mafuta ya nazi yaliyochemshwa na uwatu, pamoja na kujiepusha na pilipili, ndimu na hasira.

Mambo mazuri kabisa. Ila Bwana Salem akayapiga muhuri, yakawa kanuni: mtumishi atakayeng'aa uso au kupungukiwa nywele atahamishiwa kwenye ghala la viti vibovu, Mangapwani.

Kamati ilikuwa ya wanaume watupu. Walikaa, wakanywa chai, wakapitisha ukaguzi wa nywele za watumishi wa kike. Walipokuwa wanavaa viatu ndipo Khatib, msaidizi wa Mkurugenzi, akakumbuka kuwa wanawake wote pale wanavaa mitandio.

"Bwana Mkurugenzi, hizo nywele sisi tutazionaje?"

"Hatuzioni."

"Na wananchi wanaokuja?"

"Nao hawazioni."

"Sasa kosa lenyewe..."

"Khatib, nshatia saini!"

Kwa hivyo nikateuliwa mimi, mwanamke na mtu mzima, nizione kwa niaba ya Idara. Nilipewa chumba chenye pazia, kiti na kitambulisho. Kitana nilikuja nacho.

Wa kwanza alikuwa Khairat wa meza ya mapokezi. Ana mtoto mchanga, na mama yake anayekaa uchochoro wa nyuma humletea huyo mtoto kila adhuhuri anyonye. Wakil, mlinzi wa mlangoni, huwawekea kiti penye upepo, kisha hugeuka kutazama ukuta mpaka wamalize. Sijasikia mtu akimwagiza.

"Shikamoo, Bi Nunu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Akavua mtandio, machozi yanamlengalenga. "Zinatoka kwa mafungu. Na uso ndo huu, kama sahani ya sambusa. Nikipelekwa Mangapwani, huyu mtoto mchana atanyonya nini?"

"Nywele za mzazi hutoka, kisha hurudi. Niegemee hapa."

Nikamsinga kichwa taratibu kwa mafuta ya vuguvugu mpaka akasinzia. Kwenye ripoti nikaandika: nywele zipo, zimepumzika. Bwana Salem akaisoma, akauliza zimepumzika kwa likizo gani.

"Ya uzazi," nikamjibu.

Hapo akaziacha nywele. Akatangaza kuwa sasa uso ndio utakaoamua. Jumatano watumishi wote watapakwa liwa, wataosha, na atakayeendelea kung'aa ataondoka na gari ya mchana.

Jumatano ikafika. Kanuni ndogo ilisema liwa ikishapakwa hakuna kusema wala kucheka mpaka ikauke, isije ikapasuka. Mkurugenzi alipakwa wa kwanza, kuonyesha mfano, nene kama lipu ya ukuta. Idara nzima ikakaa kimya, manjano, kama maandazi yanayongoja kukaangwa. Wananchi waliokuja na shida zao walitazamwa kwa heshima.

Khairat sikumpaka. Mama yake alikuwa keshaleta mtoto anayelia kwa njaa, na mtoto akisikia harufu ngeni hugoma kunyonya. Nikauahirisha uso wake kwa sababu za kiufundi.

Ndipo alipoingia Bi Rahila, Katibu kutoka wizarani, bila taarifa. Gari haipiti vichochoroni, kwa hivyo alitembea kwa miguu kutoka Darajani, na jasho lilikuwa linamtiririka.

"Hodi! Jamani, kuna watu humu?"

Khatib akanyoosha kidole kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi akainamisha kichwa kwa adabu, polepole, asijipasue.

"Shikamoo, bibi, karibu," akasema Khairat, mtoto begani. "Kaa hapa penye upepo. Maji haya."

"Marahaba. Hawa wana nini?"

"Wanakausha. Anayeng'aa uso anapelekwa Mangapwani."

Bi Rahila akajipangusa paji la uso, akaitazama leso yake. "Na mimi nnakwenda lini?"

Bwana Salem hakuvumilia tena. "Siyo wewe, Mheshimiwa! Ni huyo msichana, yeye na mwanawe, wanatuharibia haiba ya..."

Liwa ikapasuka. Shavu zima likaanguka juu ya kiatu cha Bi Rahila. Uso wa Mkurugenzi uliofichuka ulikuwa mwekundu, umelowa, unang'aa kama sufuria jipya.

Bi Rahila akasoma kitambulisho changu. "Mkaguzi, huyu anaumwa nini?"

Nilimwonea huruma, maskini. Lakini kanuni ni kanuni. "Nyongo imempanda, bibi. Kwa mujibu wa saini yake mwenyewe, anahitaji ubaridi, utulivu, na asiwe karibu na mtu wa kumkasirisha."

"Huko Mangapwani kuna ubaridi?"

"Mwingi sana," akasema Wakil kutoka mlangoni, bado anatazama ukuta.

Gari ya mchana haikuondoka bure. Nilimfungia Bwana Salem chupa ya mafuta ya nazi na mkate wa mofa, nikamwomba dereva asiende mbio. Khairat alirudi mezani kwake baada ya mtoto kucheua.

Taarifa za ghalani ni za kutia moyo. Bwana Salem anafanya ukaguzi kila asubuhi, kiti kwa kiti, na mpaka leo hajakuta hata kimoja kinachong'aa.