Habari za Mama Ndoo na Mashine Iliyomkana Mlangoni

Sogeeni, enyi mliopanga foleni mbele ya milango ya dunia, enyi mliokataliwa na mitambo mchana kweupe, nanyi mliokubaliwa mara ya kwanza mkajiona watu. Wekeni chini mikoba, zimeni simu, mnipe masikio yote mawili. Siwasimulii habari za wafalme, kwa maana wafalme wana watu wao wa kuwasimulia. Nawasimulia vita vya siku tisa vilivyopiganwa katika ukumbi wa chini wa ofisi ya mizani na vipimo, baina ya kioo cha upana wa kiganja na mwanamke mwenye ndoo, na jinsi sauti moja ilivyong'olewa katika kiti chake na nyingine ikatawazwa. Ewe kumbukumbu, usinitupe mkono; na wewe ulimi, usiteleze penye sakafu mbichi.

Aliitwa Mama Ndoo. Alikuwa na jina jingine, zuri tu, lililoandikwa kwa wino katika faili lake, lakini faili hilo lilikuwa limelaliwa na mafaili mengine na hakuna aliyejisumbua kulifukua. Mama Ndoo, mtikisa dekio, mshinda madoa, tishio la utando wa buibui, aliingia katika ofisi ile miaka ishirini na miwili iliyopita, kabla ya lifti, kabla ya Meneja, kabla hata ya ule mti wa plastiki uliosimama mapokezi ukijifanya unakua. Miaka hiyo yote alizamisha mikono katika sabuni ya unga na dawa ya choo, akasugua ngazi za ghorofa tatu kwa brashi ngumu, hata ncha za vidole vyake zikawa laini kama sahani iliyooshwa. Mistari aliyozaliwa nayo ilikwenda na maji machafu. Hakuililia, maana hakujua kwamba ipo siku angeulizwa iko wapi.

Basi ikaletwa mashine ya vidole, ikapachikwa ukutani kando ya mlango, ili kila mtumishi aweke kidole gumba cha kulia asubuhi na kuhesabiwa kuwa yupo. Waraka ulioshuka kutoka ghorofa ya tatu ulisema gumba, tena la kulia, na ulikuwa na mihuri miwili. Aliyekubaliwa alionyeshwa rangi ya kijani na kusikia kengele ndogo ya upole. Aliyekataliwa, ole wake! Kioo kiligeuka chekundu, king'ora kikalia kana kwamba ghala linaungua, na sauti ya mwanamke asiye na ndugu ikapaa mpaka kwenye maegesho ya magari: "Hutambuliki! Hutambuliki! Hutambuliki!"

Na ni nani aliyekataliwa? Si makarani, ambao vidole vyao vilizoea kalamu na vikombe vya chai. Alikataliwa Mama Ndoo, kila siku iliyopambazuka, mara tatu, mara nne, siku moja mara saba, huku foleni ikirefuka nyuma yake na watu wakicheka kwa pua. Hatimaye mashine ilichoka ikampokea, lakini kufikia hapo heshima yake ilikuwa imekwisha kumwagika sakafuni mbele ya watu wote. Siku ya tatu wakaanza kumwita Mama Hutambuliki. Siku ya nne alipaka gumba mafuta ya mgando. Siku ya tano alililoweka katika maji ya vuguvugu. Siku ya sita alilipepea, akalipuliza, akalisemesha kwa maneno matamu, na mashine ikamkana vilevile.

Siku ya saba alirudi nyumbani, akaketi bila kuvua viatu, akamwambia bintiye achukue karatasi na kalamu.

"Niandikie barua ya kuacha kazi."

"Mama jamani, si mashine tu hiyo? Haina hata macho."

"Haina. Ila wanaocheka wanayo, na wananitazama usoni. Andika. Weka tarehe ya Ijumaa."

Binti akaandika, huku akifuta pua kwa kiwiko. Barua ikakunjwa mara nne, ikatiwa katika mfuko wa aproni. Nami nawaambia bila kuficha kwamba mama yule usiku huo alilala kwa uchungu, maana kazi aliipenda, na ngazi zile alizijua moja moja, mpaka ile ya kumi na nne yenye ufa.

Wakati huohuo, ghorofa ya tatu ilikuwa na vita vyake. Meneja, simba wa kiti cha kuzunguka, mfungua semina na mfunga semina, alikuwa ameitazama mashine ile akaiona ina kasoro moja tu: haikuwa na sura yake. Alitaka picha yake iwe mandhari ya kioo. Alitaka tarumbeta ziwapokee wanaokubaliwa, na nyuma ya tarumbeta isikike sauti yake mwenyewe ikisema, "Karibu kazini, jitume." Ikaundwa Kamati ya Mwonekano na Milio, wajumbe tisa, ikakaa siku mbili mfululizo. Walijadili upande upi wa uso wa Meneja unapendeza zaidi, wakaafikiana kwamba pande zote mbili. Walipigia kura tai. Mjumbe mmoja alipendekeza, kwa sauti ya chini, mlio wa ndege. Akaombwa atoke nje akafikiri upya. Habari ya king'ora haikutajwa, kwa kuwa hakuna mjumbe ambaye kiliwahi kumlilia.

Alhamisi, siku ya nane, saa nne asubuhi, kamati ikashuka ukumbini kwa mpangilio wa vyeo, Meneja mbele, na kando yake Katibu Muhtasi, mlinda mlango wake, ameshika flashi yenye ile picha kwa vidole viwili kama yai. Katibu Muhtasi akabonyeza mahali pa mipangilio. Kioo kikaandika: *Weka kidole cha Msimamizi Mkuu.*

"Huyo si ni mimi," akasema Meneja, akaweka gumba.

"Hutambuliki! Hutambuliki! Hutambuliki!"

Wajumbe wote kwa pamoja wakagundua kwamba dari ina mambo mengi ya kutazama. Meneja akapangusa kidole kwa tai, akarudia. Mashine ikamkana tena, na wapo walioapa baadaye kwamba iliongeza sauti. Akajitokeza Naibu, akaanguka. Akajitokeza mkuu wa mizani, akaanguka. Mkuu wa vipimo alijaribu vidole vyote kumi, akaanguka mara kumi. Katibu Muhtasi akampigia simu fundi aliyeifunga mashine. Simu haikupatikana, wala haijapatikana hadi leo. Hata zilipotimia saa tano, hakuna cheo kilichokuwa kimesalia kusimama, na kioo kilikuwa kimejaa mafuta ya vidole vya wakubwa kiasi kwamba maandishi hayasomeki.

"Aitwe mtu wa usafi," akanguruma Meneja. "Hatuwezi kufanya kazi kwenye uchafu!"

Akaja Mama Ndoo na kitambaa. Hakumtazama mtu. Mkono wa kulia ukafuta, mkono wa kushoto ukashikilia mashine isitikisike, na kidole cha mwisho cha mkono huo wa kushoto kikatua, bila nia wala habari, juu ya kijidirisha cha kuwekea kidole.

King'ora hakikulia. Kioo kikawa kijani kibichi, na ile sauti isiyo na ndugu ikalainika ghafla: "Karibu, Msimamizi Mkuu. Ungependa kubadilisha nini?"

Tulieni hapo niwafungulie fumbo hili. Siku fundi alipoifunga mashine, ukumbi ulikuwa mtupu, kwa sababu wakubwa wote walikuwa juu katika kikao cha kuijadili mashine hiyohiyo. Programu yake ilidai kidole cha kwanza, nacho kidole cha kwanza ndicho huwa mwenye nyumba. Fundi akamwona mama mmoja anapita. "Mama, samahani, hebu weka kidole hapa tuone kama inashika." Mkono wa kulia ulibeba ndoo, wa kushoto ulibana fagio, kilichokuwa huru ni kile kidole cha mwisho tu, ambacho hubaki nje kila ashikapo brashi, na kwa hiyo hakijawahi kuonja sabuni. Akakiweka, ikashika, fundi akasaini karatasi zake akaenda. Tangu siku hiyo ofisi nzima ilikuwa chini ya mamlaka ya mama yule, naye akiipigia deki bila kujua.

"Usiondoe hicho kidole!" akapiga kelele Meneja.

Mama Ndoo, kwa mshtuko, akakiondoa.

Katibu Muhtasi akachomeka flashi. Picha ya Meneja ikajitokeza, na chini yake maandishi: *Msimamizi Mkuu athibitishe.* Wote tisa wakakigeukia kidole kile.

"Mama, weka hapo tu sekunde moja," Katibu Muhtasi akabembeleza, "tumwekee bosi picha."

Mama Ndoo akakitazama kidole chake, akaitazama picha, na mkono wake mwingine ukaigusa barua mfukoni. Kisha akakunja ngumi.

"Kwanza king'ora."

"King'ora ni suala la kamati," akasema Naibu.

"Basi kamati iweke kidole."

Hapo Meneja akavuta pumzi, akakohoa kikohozi cha kufungulia semina, akasema: "Mama, hii ni ofisi ya umma. Taasisi ina taratibu zake. Taasisi haiwezi kuyumbishwa na kidole cha mtu mmoja, tena kidole kidogo. Nakuomba, kwa maslahi mapana ya taasisi, uliangalie jambo hili kwa jicho la kitaasisi."

Naye Mama Ndoo, mshinda madoa, akaitua ndoo chini, akasema maneno ambayo makarani waliokuwa wakichungulia ngazini huyarudia mpaka leo: "Bwana Meneja, miaka ishirini na miwili nafuta nyayo mlangoni hapa. Za kwako nazijua, unakanyagia kisigino. Sisemi hii mashine inikubali. Vidole vimekwisha, na vimekwishia hapahapa, kwenye ngazi zenu. Inikatae, haidhuru, lakini inikatae kwa adabu. Mimi nina kitinda mimba wa umri wako. Akitaka kuninyima kitu, ananiamkia kwanza."

Katika miaka minne ya Meneja pale, salamu yake kwa mama huyo ilikuwa moja tu, nayo ni "Kona ile bado."

Katibu Muhtasi akafungua orodha ya milio. Palikuwa na jogoo, mbwa, radi, kicheko cha mtoto. Na mwisho kabisa, *Rekodi sauti yako.*

"Ulitaka sauti yako isikike, bosi," akasema taratibu, bila kumtazama.

"Na iwe yake," akasema Mama Ndoo.

Meneja akawageukia wajumbe wake amsake hata mmoja wa kumtetea. Wajumbe walikuwa wanauchunguza mti wa plastiki. Basi simba akainama mbele ya kijitundu cha kurekodia, akatema neno haraka haraka. Mashine ikalirudisha: "Shkamoosamahanirudia."

"Hapo umemwamkia nani, ukuta?" akauliza Mama Ndoo. "Upya."

Mara ya pili alikohoa katikati. Mara ya tatu, uso umemwiva, mikono ameikutanisha mbele kama mtoto aliyetumwa kwa jirani, akasema kwa sauti iliyo wazi: "Shikamoo. Samahani, jaribu tena."

"Sasa hivyo."

Kidole cha mwisho kikashuka. King'ora kikafutika milele. Wekundu ukaondolewa, na baada ya kupitia rangi zote moja moja, bila kuharakishwa na mtu, Mama Ndoo akachagua samawati iliyopauka kidogo, akasema haiumizi macho. Halafu, maana alikuwa mtu wa kutimiza neno, akathibitisha na ile picha. Kioo kilikuwa kidogo kuliko Meneja. Kikamkata paji na kidevu, na saa ikamkalia puani. "Imetoka vizuri sana," akasema Naibu, na kamati ikapiga makofi. Tarumbeta nazo zilipita, ila za sekunde moja, na ile "karibu kazini, jitume" hakuna aliyeikumbuka tena.

Ikaja Ijumaa, siku ya tisa. Mama Ndoo hakuwahi alfajiri ili asionwe. Alikuja saa ya watu wote, akapanga foleni katikati yao, barua ingali mfukoni, maana alikuwa bado hajaamini. Kidole cha mwisho kingemfungulia papo hapo, na alilijua hilo. Aliweka gumba.

Kioo kikawa samawati, na sauti ya Meneja ikatoka ukutani, ikasikika mpaka kwenye maegesho: "Shikamoo. Samahani, jaribu tena."

"Marahaba," akajibu Mama Ndoo.

Hakuna aliyecheka. Akaweka tena, ikamwamkia tena. "Marahaba, mwanangu." Akaweka ya tatu, na ya nne, wala hakuwa na haraka, na Meneja, aliyekuwa watu sita nyuma yake, alisimama akijisikiliza, mkoba kifuani, macho kwenye viatu. Baada ya ile ya tano tarumbeta zikalia, naye akapita, akaichana barua vipande vinne akavitia katika pipa la taka, ambalo baadaye alilimwaga mwenyewe.

Na iandikwe basi, enyi wenye kalamu. Kamati imekwisha kuandika taarifa yake ya kurasa kumi na nane, ikijipongeza, msiisome. Andikeni haya tu: kwamba Ijumaa ile, saa mbili kasorobo, mama mmoja alikataliwa mara tano mbele ya watu, na mara zote tano akaamkiwa.