Maharage Yangu kwa Sista Fides

Jumatatu, 14 Julai

Mnunuzi wa Tunduma anakuja Ijumaa. Eti maharage mchanganyiko hataki hata kuyaona! Ya njano peke yake, mekundu peke yake. Na mimi nilishapura yote pamoja. Mke wangu Gwantwa alinionya, lakini hiyo si hoja. Sasa anasema yasipouzwa safari hii, mavuno yote ya nyumba hii atauza yeye. Mbele yangu mimi, baba wa nyumba!

Jumanne, 15 Julai

Nimempeleka Mercy wetu chekechea, ile ya Montessori ya Sista Fides. Maajabu! Kila mtoto na mkeka wake, anachambua punje: hizi bakuli hili, zile bakuli lile. Kimya kabisa. Nikarudi mbio nyumbani, nikabeba nusu gunia langu. Nikamwambia Sista naiazimisha shule vifaa vya kujifunzia, nitavifuata kesho. Akanishukuru mpaka nikaona haya. Kidogo. Jirani yangu Yonasi anachambua ya kwake kwa mikono. Nimemcheka mpaka nikakohoa.

Jumatano, 16 Julai

Asubuhi nilichungulia dirishani mwa darasa. Vilima vya njano, vilima vyekundu! Mchana nafuata mzigo: mchanganyiko! Sista akaeleza, tena kwa fahari, kwamba mtoto akimaliza kazi hurudisha kifaa kama alivyokikuta, ili mwenzake naye aanze. Kila mtoto kachambua, kila mtoto kachanganya. Nilimwambia aliyebuni utaratibu huo hajawahi kuuza maharage.

Alhamisi, 17 Julai

Nimechambua mwenyewe tangu alfajiri. Mgongo umekwisha! Jioni nikamaliza, nikaenda kumtambia Yonasi. Kurudi, Mercy amekaa mkekani, uso unang'aa. Aliona baba amemaliza kazi, akarudisha yote kama yalivyokuwa. Ananiambia tayari, mwingine anaweza kuanza. Gwantwa anasema alishindwa kumgombeza kwa sababu ya kicheko. Kicheko!

Ijumaa, 18 Julai

Mnunuzi kachukua ya Yonasi. Yangu hakuyagusa. Gwantwa akamwambia papo hapo kwamba kuanzia leo biashara ya nyumba hii aongee na yeye. Naye akajibu sawa mama, bila hata kunitazama. Nimedhalilishwa uani kwangu mwenyewe! Makosa ni ya Sista, ya mnunuzi na ya Yonasi.

Lakini nimefikiri vizuri. Tatizo lilikuwa maharage. Mahindi yetu bado yako kwenye magunzi, na punje ikishapukuchuliwa, hakuna mtoto wa kuirudisha. Jumatatu nampelekea Sista yote, Gwantwa asijue. Nimeshaazima mkokoteni wa Yonasi.