Jino la Mwanya la Shangazi Abeke

Jumatatu, 4 Machi

Siku njema kabisa! Dk. Salako ametugawia hojaji. Anafanya utafiti: sisi tunaomaliza chuo cha meno, tuko tayari kiasi gani kutibu mzizi wa jino ili jino libaki, badala ya kuling'oa. Moja ni "siko tayari hata kidogo". Tano ni "niko tayari kabisa". Akasema tusiandike majina. Mimi nikaandika langu kwa herufi kubwa, KOLAPO AJIBIKE, na kujaza tano mwanzo mwisho. Hata palipoulizwa habari za magego. Gego sijawahi kulitibu, lakini nimeliona kwenye picha na tulielewana.

Nikachungulia karatasi ya Ibidun anayekaa kando yangu. Mbili, mbili, tatu, mbili. Ibidun huyu huyu anayekesha maabara mpaka mlinzi anamtoa kwa fagio! Nikamwambia kwa huruma kwamba unyenyekevu haumponyi mgonjwa. Akaniuliza kama majigambo ndiyo yanamponya. Wivu tu.

Mpango: Dk. Salako aone zile tano zangu, anifanye msaidizi wake, jina langu litoke kwenye jarida. Kikwazo: kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho lazima ajitafutie mgonjwa wa mzizi mwenyewe. Sina. Bila mgonjwa hakuna mtihani.

Jioni. Mungu hamtupi mja wake! Nimerudi nyumbani Mokola nikamkuta Shangazi Abeke kashika shavu. Jino la mbele, la juu kulia, lile linalopakana na mwanya. Fizi imetunga usaha. Amesema kesho anakwenda kuling'oa, liwalo na liwe, maana Jumamosi ya wiki ijayo ana harusi.

Harusi kwa Shangazi ni kazi. Yeye ndiye msemaji wa upande wa bibi harusi, mjini Ibadan hakuna anayemfikia. Anashika kipaza sauti, anawalaza kifudifudi akina bwana harusi, maana kwetu ndivyo mke anavyoombwa, anawatania mpaka wanatoa walichonacho, halafu anacheka. Watu wanamwita kwa ajili ya kicheko hicho. Marehemu mumewe alikuwa akisema yeye alioa mwanya, mke alikuja kama nyongeza. Jino hilo likitoka, mwanya haupo tena. Linabaki pengo, na pengo hata bibi kizee wa miaka tisini analo.

Mama yangu alipofariki nilikuwa na miaka minne. Kitu cha kwanza ninachokumbuka duniani ni mwanya huo ukinichekea. Kwa hiyo jino haling'olewi. Tena nimepata mgonjwa.

Jumanne, 5 Machi

Amekataa. Amesikia kwamba tukitibu mzizi tunaliua jino halafu tunaliacha mdomoni. Akaniambia kwao maiti huzikwa, haiachwi sebuleni. Nikamweleza habari za mishipa. Akapiga miayo, akashika shavu, akavuta mkoba wake.

Nikabadili mbinu. Nikashusha sauti, nikamwambia ni siri za kitaalamu, lakini jino la juu likishang'olewa, jicho la upande ule hupofuka polepole. Uongo mtupu! Mwaka wa kwanza walimu walituchapa maswali mpaka tukautapika uongo huo. Lakini mjini hapa kila mtu anauamini nusu, anasubiri daktari tu amalizie ile nusu nyingine.

Tonge la amala, ugali wetu wa viazi vikuu, likamdondoka. Akasema maiti na ikae sebuleni, ila jicho lake haligusi mtu.

Nikamwomba asimwambie mtu yeyote. Ameapa. Nimelala kama mfalme.

Alhamisi, 7 Machi

Dk. Salako ametoa sharti. Hakuna anayegusa mgonjwa kabla ya kumwonyesha meno ya mbele yaliyokwisha kung'olewa, tuliyoyatibu sisi wenyewe mezani. Hilo dogo. Meno yanapatikana chumba cha kung'olea, kwa Baba Lamidi, mzee anayeyaosha na kuyaweka kwenye chupa.

Nimekwenda. Chumba kitupu! Viti vitupu, koleo zimelala, Baba Lamidi anatafuna karanga. Amesema tangu jana watu wanafika getini, wanamfungulia mlinzi mdomo na kuuliza kama jino lao bovu ni la juu au la chini, wakiambiwa la juu wanageuka mbio. Inasemekana kwenye sherehe ya kumpa mtoto jina, kule Bodija, mwanamke mmoja ametangaza kwa kipaza sauti kwamba ukiling'oa unapofuka. Tena amesema habari hizo kazipata kwa daktari anayelala nyumbani kwake.

Nikamuuliza Baba Lamidi kama daktari huyo ametajwa jina. Akasema bado.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimemwomba siri mwanamke anayeishi kwa kuongea na watu mia tano kwa mpigo!

Ijumaa, 8 Machi

Akili ni mali. Nimepata wazo ambalo hakuna mwanafunzi mwingine angelipata. Mbuzi naye ana meno! Nimekwenda buchani alfajiri, nikachagua kichwa kikubwa, nikakificha kwenye begi pamoja na koti langu jeupe. Nikajifungia chumbani, nikafungua mdomo wa mbuzi kutafuta meno ya mbele ya juu.

Hayapo. Mbuzi hana meno ya mbele ya juu! Ana ufizi tu, mgumu kama soli ya kiatu. Miaka mitano nimesoma meno, na mbuzi nimewala tangu utoto, lakini sijawahi kumwangalia hata mmoja usoni.

Shangazi amegonga mlango kuuliza harufu ni ya nini. Nikamwambia nimemletea zawadi. Akafurahi mpaka akasahau maumivu, akakipika supu ya pilipili. Akashindwa kuinywa, jino lilimchoma. Akanisukumia bakuli lake, akakaa kuniangalia nikila. Supu ilikuwa tamu sana, lakini nilibakiza nusu.

Jumapili, 10 Machi

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimekwenda maabara kwa Ibidun. Ana chupa nzima ya meno, amekusanya tangu mwaka jana, ameyapanga kwa aina kama muuza shanga. Nikamwambia nimekuja kumsaidia kuyahesabu.

Akaniuliza daktari wa Bodija anaishi nyumba gani. Nikatazama feni. Akasema wagonjwa wake wawili wametoroka kwa sababu ya daktari huyo, na mmoja alikuwa na jipu. Feni ile inahitaji kufutwa vumbi.

Kanipa meno, hata hivyo. Kakaa nami. La kwanza, nilisukuma tupa kwa nguvu (ni kisindano chembamba cha kusafishia ndani ya mzizi) ikatokea ubavuni. La pili, tupa ilikatikia ndani. Ibidun akasema jino likikataa usiligombeze, rudi nyuma kidogo, osha, jaribu tena. La tatu lilikubali. La nne pia.

Usiku huu nimeliweka lile la kwanza mezani, lenye tundu ubavuni. Kila nikiliangalia naliona mdomoni mwa Shangazi. Naogopa. Naandika mara moja tu, halafu nafunga daftari: naogopa sana.

Jumatatu, 11 Machi

Ushindi! Dk. Salako ameyapitisha meno yangu. Amesema yanapita kama mtu anavyopita mlangoni akijipiga bega. Halafu kanibakiza ofisini. Amesema hojaji yangu ndiyo pekee yenye jina, na amekuwa akitafuta kwa hamu mtu aliyejaza tano kila mahali. Ati mimi ni mfano mzuri mno katika utafiti wake, na watu wa aina yangu ndio waliomfanya auanzishe. Sikujua kama nina mchango mkubwa hivyo.

Keshokutwa namtibu Shangazi. Dk. Salako atasimama nyuma yangu. Msaidizi: Ibidun. Nilitaka kupinga, nikasema asante.

Jumatano, 13 Machi

Shangazi amekuja na kilemba cha harusini, kirefu kama mnara wa redio. Kiti kikakataa kulala. Dk. Salako akamwomba akivue. Akasema hawezi kulazwa mbele ya wataalamu kichwa wazi, labda walaze kiti bila yeye. Wakabishana kwa adabu, mama kwa mama, mpaka Ibidun akakifungua polepole, akakishika kwa mikono miwili na kukitafutia mahali pa heshima juu ya kabati.

Ganzi ikaingia. Tukafunika mdomo kwa kile kipande cha mpira kinachoacha jino moja tu nje, mate yasiingie. Ndipo nikasikia kitu ambacho sijawahi kusikia maishani: Shangazi Abeke amenyamaza.

Nikatoboa jino. Usaha ukatoka. Nikashika tupa. Mkono ukaanza kutetemeka. Nikaukemea, ukazidi. Nikaona lile jino la mezani. Nikaona harusi, Shangazi kaweka kiganja mdomoni asicheke.

Nikamnong'oneza Ibidun kwamba mimi ni mbili. Pengine moja na nusu.

Akajibu bila kuniangalia: "Najua, bwana. Legeza mkono."

Sikuweza. Basi Shangazi, macho kayafumba, akainua mkono wake akautafuta wangu hewani, akanishika kifundo. Akanipigapiga kwa vidole. Taratibu, kama alivyofanya siku ya kwanza ya shule, pale getini, nilipokataa kuuachia upindo wa nguo yake. Hakufungua macho. Mkono wangu ukatulia wenyewe, mimi sikuuambia kitu.

Jino lilipokataa nikarudi nyuma kidogo. Nikaosha, nikajaribu tena. Ibidun akipima, mimi nikisafisha. Picha ikaonyesha tumefika mwisho wa mzizi, hatujapita. Tukaweka dawa, tukaziba kwa muda. Baada ya wiki mbili tunaziba moja kwa moja. Dk. Salako alisema "sawa" mara mbili. Ibidun hajawahi kupata zaidi ya moja!

Ningekufa kwa furaha hapo hapo. Lakini mpira ukatolewa, na Shangazi akaanza kulipia muda alionyamaza. Akafunika jicho la kushoto, akatazama dari kwa la kulia. "Naona! Naona mpaka vumbi la feni! Mwanangu huyu ndiye aliyeniambia, mngeling'oa ningepofuka!"

Dk. Salako akanigeukia. Ibidun akainama kuokota kitu kisichokuwepo, mabega yakimtikisika.

Hukumu ya Dk. Salako: uongo uliotangazwa kwa kipaza sauti ukanushwe kwa kipaza sauti. Vinginevyo hasaini fomu yangu ya mtihani. Shangazi hakunigombeza. Tulipofika Mokola akaniuliza tu kwa nini sikumwambia ukweli. Nikamwambia nisingeweza kuuona mdomo wake bila mwanya. Akasema ningesema hivyo tangu mwanzo, angekubali siku ile ile.

Jumamosi, 16 Machi

Harusi. Shangazi alikuwa moto! Maumivu hakuna, uvimbe hakuna. Aliwalaza kifudifudi akina bwana harusi, marafiki na wajomba, akawaambia miguu haijanyooka, warudie. Akamuuliza bwana harusi kama anaoa au anafanya mazoezi. Ukumbi ukavunjika mbavu.

Halafu akaniita. Akatangaza kwamba ile habari ya jicho ni uongo, jino bovu litibiwe, na lisilotibika ling'olewe, na jicho litabaki kukodoa kama kawaida. Na mtunzi wa uongo huo ni huyu hapa, mtoto aliyemlea kwa mikono yake, tena ndiye aliyemtibu jino. Adhabu: alale pamoja na akina bwana harusi!

Nikalala. Watu mia tano! Kwenye meza za nyuma Ibidun alikuwa anapiga makofi. Alialikwa na nani? Mjomba mmoja mnene aliyelala ubavuni mwangu akaniuliza kwa sauti ya chini kama namtibu na yeye, ana gego linamsumbua.

Ndipo Shangazi akacheka. Sikuweza kumwona, pua yangu ilikuwa kwenye zulia, lakini kicheko kile nakijua. Ni kicheko chenye mwanya, kinatoka na upepo kidogo pembeni. Hakikupungua hata chembe. Nikalia. Zulia lilikuwa jekundu na zito, halikuacha ushahidi.

Jumatatu, 18 Machi

Dk. Salako amegawa hojaji ya pili. Anataka kujua kama mawazo yetu yamebadilika baada ya kutibu mgonjwa halisi. Akatuomba tuwe wakweli, huku akinitazama mimi. Ibidun amejaza tatu, tatu, nne, tatu. Amepanda, nampongeza.

Mimi nimefikiri kwa muda mrefu. Nimeukumbuka mkono wangu ukitetemeka. Nimevikumbuka vidole vya Shangazi. Nikaweka kalamu kwenye mbili, nikaiacha pale kwa dakika nzima.

Halafu nikajaza tano mwanzo mwisho, na jina juu. Zile za mwanzo zilikuwa za kubahatisha. Hizi sasa zina uzoefu.

Magego pia, tano. Nimeshapata wagonjwa wawili! Yule mjomba mnene, na Mama Fadeke, mwimbaji wa harusini anayefuatana na Shangazi, mwenye gego bovu la chini. Mama Fadeke alikuwa anasitasita, alitaka kwenda kuling'oa tu yaishe. Ikabidi nimdokeze, kitaalamu, kwamba gego la chini likitoka, sikio la upande ule huziba.

Amekubali papo hapo. Nimemwomba asimwambie mtu, naye ameapa. Huyu haongei kama Shangazi. Yeye anaimba tu.