Maombi ya Kurudishiwa Kitambi cha Mume Wangu

Kwa Daktari wa Kliniki ya Sukari,

Salamu nyingi, mwanangu, maana kwa umri naweza kukuzaa, ila kwa cheo wewe ndiye mkubwa.

Kwa huzuni nakutaarifu kwamba kitambi cha mume wangu, kilichomtangulia kuingia kila chumba kwa miaka mingi, hakipo tena. Kimeondoka taratibu, bila kuaga, tangu ulipomwambia kwamba akipunguza uzito sukari itashuka. Wewe ulitamka sentensi moja ukaita mgonjwa mwingine. Mimi ndiye ninayeishi nayo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mimi ni fundi cherehani. Suruali zake nilizishona mwenyewe nikaacha nafasi ya kukua, kama ashonewavyo mtoto wa shule. Hukututahadharisha kwamba mtu mzima anaweza kukua kinyumenyume. Sasa kazi za wateja zimelala, mimi nafumua viuno. Nikimaliza kimoja, mwenyewe ameshapungua tena.

2. Zamani akitoka ofisini alikaa kwenye kochi akanyamaza, na ndoa ikawa na amani. Siku hizi anarudi kwa miguu, anafika na habari za mtaa mzima, na anataka nizisikilize. Kisha anafunua sufuria na kuuliza mafuta yote haya ni ya nini, kana kwamba nimekamatwa nayo.

3. Hili ndilo kubwa. Uliyempunguza ni yeye, lakini heshima iliyopungua ni yangu. Jirani kaniuliza mbele za watu, "Shoga, baba watoto umemfungia kabati?" Wiki iliyopita wakaja wakwe, ujumbe kamili, mama mkwe mbele na chakula chake mkononi. Akataka kumfinya mwanawe shavu, akalikosa, akanigeukia: "Mwanangu, huyu nilikukabidhi akiwa amejaa." Mume wangu akawaeleza mambo ya sukari, macho, figo na miguu. Wakamsikiliza kwa huruma, kisha wakakubaliana kwamba ni njaa inayomfanya aweweseke. Watakutana tena kuamua kama arudi kwao akanenepeshwe.

Kwa hiyo naomba umwandikie cheti chenye mhuri, akivae shingoni: hajafilisika, hana ugonjwa wa kufichwa, na mkewe anapika. Kama hilo ni gumu, mrudishie kilo chache usoni tu, ndiko wakwe wanakotazama. Za tumboni baki nazo. Na ikiwa kitaalamu hazigawanyiki, basi mrudishie zote pamoja na sukari yake. Tutaishi kama zamani, yeye akiamka kukojoa usiku kucha, mimi nikiheshimika.

Nisalimie wauguzi wote, na dada wa mapokezi, na yule wa mizani anayewavua watu viatu kana kwamba viatu ndivyo vinavyokula.

Ni mimi, mke wa mgonjwa wako, ninayeshukiwa bila kosa,
Fundi Cherehani

N.B. Usimrudishie hata kilo moja. Dawa umeshampunguzia mwenyewe, na ukungu uliokuwa machoni mwake umeondoka. Juzi kanitungia uzi kwenye sindano, akalipata tundu mara ya kwanza. Mimi nilikuwa nimehangaika nalo asubuhi nzima silioni. Nikaenda kupimwa sukari. Ninayo.